Mwalimu Mpya Asiachwe Peke Yake

Kila mwezi wa Januari, shule zetu za msingi zinapofunguliwa, macho ya wazazi huwa kwa watoto wa Darasa la Kwanza. Ni wachache wanaomwona mgeni mwingine wa siku hiyo, naye ni mwalimu aliyetoka chuoni. Juma hili twataka kumsemea yeye, maana katika mikono yake tumeweka watoto wa nchi hii.

Sisi tunaoandika haya tulipita njia hiyo. Chuoni tulisoma falsafa ya elimu, tukafanya mtihani wake, tukafaulu. Tulisoma Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, inayotaka mtoto awe na akili ya kuuliza na moyo wa kujiamini, asiwe debe la kumiminiwa maneno. Tuliyaafiki yote. Kisha tukapangiwa shule. Asubuhi ya kwanza tukakabidhiwa chaki, daftari la mahudhurio na fimbo. Darasani walikuwamo watoto zaidi ya mia, na hali kiwango kilichowekwa ni watoto 45. Ndugu zetu, mwezi haukwisha falsafa yote ilikuwa imetutoka, ikabaki fimbo.

Siku moja tuliwaambia watoto waandike kumi na tatu. Binti mmoja akaandika 103. Tukamchapa mbele ya wenzake. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zasema kwamba adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Sisi hatukuwa na idhini, wala hatukuandika popote. Tangu siku ile yule binti hakunyosha mkono tena.

Aliyetufungua macho ni mwalimu mwenzetu, mama aliyebakiza miezi michache astaafu. Yeye aliingia kazini baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati vijana waliomaliza Darasa la Saba walipochukuliwa wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa posta na kwa redio. Alituita kando akasema: “Mwanangu, yule mtoto alifikiri. Umemtamkia kumi, kisha tatu. Naye kaandika 10, kisha 3. Wewe umempiga kwa kufikiri.”

Kesho yake alikuja darasani kwetu na vijiti. Akafunga kumi kwa kamba, akaweka vitatu kando, akawaita watoto washike kwa mikono yao: fungu moja la kumi, na mamoja matatu. Kipindi kimoja kilitosha. Falsafa tuliyoisoma miaka miwili tuliiona siku ile kwa macho: kosa la mtoto ni mlango wa kuingilia katika mawazo yake, na mwalimu anayelichapa anaufunga mlango huo.

Tunajua wazee wetu watatujibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba wao walichapwa wakawa watu. Twawaheshimu, lakini kukunja si kuvunja. Shule ya mkoloni ilitaka makarani watiifu, kwa hiyo mtoto asiyeuliza aliifaa. Nchi iliyojitawala tangu 1961 inataka raia anayeuliza fedha za kijiji zimekwenda wapi. Raia huyo hapatikani ukubwani ikiwa alinyamazishwa akiwa na miaka saba.

Wala hatusemi kosa lote ni la mwalimu. Michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016 watoto wengi walikuja shuleni, na hilo ni jambo la heri. Lakini mtu mmoja mbele ya watoto mia hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni fimbo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mwalimu mpya twampa jembe siku ya kwanza, na shamba zima, kisha twaondoka.

Kwa hiyo twasema haya. Kwanza, kila mwalimu mpya apewe mwalimu mzoefu wa kumshika mkono mwaka mzima, waingie darasani pamoja, na mzoefu huyo apunguziwe vipindi kwa ajili hiyo. Pili, wanachama walio katika kamati za shule waulize mambo mawili kila mkutano: darasa lina watoto wangapi, na kitabu cha viboko kinasema nini. Tatu, matawi yetu yaliyo hodari wa kujenga ofisi yajitolee pia kujenga madarasa na nyumba za walimu.

Yule binti alirudi kunyosha mkono baada ya majuma mengi, na mara ya kwanza alikosea. Tulimshukuru kwa kujaribu. Wako wengi kama yeye ambao hawajarudi, nao ni watoto wetu sote. Tuwatafute.