Kamera ya Tajiri, Begi la Kibarua

Katika studio za picha zilizobanana hapa Mchafukoge umezagaa usemi ambao naupinga waziwazi: kwamba mali ni kamera, na kitu cha kuibebea ni pambo tu. Kwa usemi huo tajiri hutoa mamilioni kununua kamera na lenzi zake, kisha humkabidhi kijana wake begi jembamba la turubai la Kariakoo, lenye nembo ya kampuni ya Kijapani iliyopungua herufi moja, na kumwambia: "Nenda Mbagala kwenye harusi, urudi salama." Kijana anapanda daladala na kusimama njia nzima. Lenzi ikirudi na ufa, nani analipa? Ni yule kijana. Anakatwa posho harusi kwa harusi mpaka deni liishe, na mara nyingi haliishi.

Mimi mwenyewe nimepata kukatwa fedha miezi minne kwa ajili ya lenzi ambayo haikuanguka popote. Iliota kuvu kabatini mwa studio. Jina la studio silitaji, wala haikuwa mbaya kuliko nyingine.

Kuvu, au fangasi kama mafundi wanavyoiita, ndiyo hasa inayonifanya nishike kalamu. Watu hudhani adui wa kamera ni sakafu. Katika mji huu adui mkubwa ni hewa. Hewa ya pwani yetu aghalabu ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na kuvu ya lenzi hustawi unyevu ukidumu juu ya hapo, hasa gizani mahali pasipopita upepo. Hujipenyeza kati ya kioo na kioo, hutandaza nyuzi kama za buibui, na mwishowe hula ule utando mwembamba wa dawa uliopakwa juu ya kioo. Fundi anaweza kuifuta kuvu, lakini utando ulioliwa haurudishi. Ongeza viyoyozi: kamera iliyolala kwenye baridi ikitolewa ghafla mtaani hutoka jasho kama chupa ya soda. Dawa yake ni kuiacha ndani ya sanduku lililofungwa barabara mpaka ipate joto la nje. Turubai haliwezi kazi hiyo.

Wapo watakaonijibu: basi kila studio inunue Pelican. Hapo napo nasita. Sina ugomvi na bidhaa yenyewe. Kampuni hiyo ilianza California mwaka 1976, na masanduku yake ni ya plastiki ngumu, yana mpira unaozunguka mfuniko na valvu ndogo inayopitisha hewa na kuzuia maji, ili mfuniko using'ang'anie baada ya safari ya ndege. Mengi yana alama ya IP67. Maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na yanahimili kuzamishwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kazi safi. Lakini sanduku la namba 1510 lina uzito wa karibu kilo 6 likiwa na sponji tu! Jaribu kulibeba kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni. Zaidi ya hayo, kwa kibaka wa Msimbazi sanduku jeusi lenye vifungo viwili ni sawa na tangazo.

Na liko jambo ambalo muuza duka hakwambii. Sanduku lisilopitisha hewa halitoi unyevu uliokwisha kuingia. Anayelifunga usiku wa masika bila kuweka kitu cha kunyonya unyevu amefungia kuvu chumbani pamoja na chakula chake. Vile vijifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya tunavitupa, ilhali ndivyo vinavyotakiwa, na vile vya kubadili rangi hukaushwa kwa moto mdogo vikatumika tena. Mchele, ambao wengi wanausifu, hunyonya kidogo mno na huacha vumbi.

Kwa kijana wa harusi nashauri chombo kisicho na fahari: kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mpira kwenye mfuniko na vifungo pande nne, ndani yake sponji mpya iliyokatwa kwa umbo la kamera, nje yake begi la kawaida la shule. Kulipima ni rahisi. Weka karatasi laini ndani, funga, zamisha kwenye ndoo, juu yake weka jiwe, ngoja nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, lipa. Muuzaji akikataa, mwage kwa heshima; maduka Kariakoo hayajaisha. Sponji nayo haidumu milele, kwa joto letu huchakaa ikawa unga unaonata, nao hugandia kamera.

Tajiri atasema biashara ni ngumu, simu zimeua picha. Ni kweli zimeua. Lakini ugumu huo kwa nini ubebwe na mtu mmoja tu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya uharibifu kienyeji tu: mfanyakazi awe na kosa, akubali kwa maandishi, aoneshwe kwa maandishi hesabu ya deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Najua jibu lao: "Huyu si mwajiriwa, ni kibarua." Ajabu ni kwamba kuvu ikionekana kibarua huyo hugeuka mdhamini wa mali yote ya studio!

Daftari la kukabidhiana kamera lipo karibu kila studio, na namba ya kamera huandikwa humo kwa uangalifu. Chini ya namba hiyo kijana aandike mstari mwingine: sanduku la aina gani, mpira wake ukoje, silika imekaushwa lini. Kisha ampelekee tajiri kalamu asaini kabla kamera haijatoka mlangoni.