Uzi wa muline tunausokota sisi wenyewe



Wiki mbili hizi humu kwenye kundi letu habari ni moja tu: uzi wa muline unajisokota. Kuna aliyeandika kuwa uzi tuliopewa ni wa bei rahisi. Kuna aliyesema muline zenyewe ni feki. Na juzi mwenzetu mmoja akapendekeza tuandike barua, wote tutie sahihi, tuombe bobini sita mpya za uzi. Watu kumi na tisa wameweka alama ya kukubali.

Sisi tunaoandika hapa hatujaweka alama hiyo, na tunataka kusema kwa nini. Uzi ule tuliuharibu kwa mikono yetu, kwa kutojua. Tukiletewa mwingine leo, tutausokota na huo kabla ya mwezi kuisha, na mara ya pili hatutakuwa na uso wa kuomba.

Kwa ambao hawakuwepo: mwaka jana kikundi chetu cha uvuvi kilipewa fimbo tatu za kisasa zenye muline, ile aina ambayo bobini yake inaangalia mbele kwenye fimbo. Aliyetupa hatumtaji, na tunamshukuru. Lakini mambo yalikwenda hivi: gari lilifika, picha zikapigwa, tukashika fimbo tukacheka, gari likaondoka. Hakuna aliyetuonyesha hata namna ya kutia uzi kwenye bobini. Sisi tumezoea uzi wa mkono. Wa Uvira, wa Baraka, wa Fizi, tumekulia juu ya maji. Tukasema hii kitu ni ndogo, tutaiweza. Hata wale waliokaa miaka Kavumu na Bwagiriza kule milimani, ambako ziwa walilisikia kwenye hadithi tu, nao walisema wataiweza.

Basi sikilizeni yaliyotupata Kajaga.

Tulikuwa wanne kwenye mtumbwi wa mwenyeji mmoja tuliyepatana naye. Alfajiri, ziwa limetulia, viboko wako mbali upande wa mdomo wa Rusizi, tumshukuru Mungu. Tulikuwa tunatafuta sangala. Wale ambao wanatazama video za Wamarekani wanavua samaki wanayemwita bass, wajue huyu wetu si ndugu yake kwa damu ila tabia zinafanana: anajificha, anavizia samaki wadogo, kisha anaruka kama mwizi. Bass mwenyewe ukimtaka Afrika Mashariki, nenda Naivasha huko Kenya, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Sisi tuko na wa kwetu. Ziwa hili lina aina nne za jamii ya sangala, mukeke akiwa mmoja wao, na hakuna ziwa lingine duniani lenye hao wanne.

Sangala akashika. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Mwenzetu aliyekuwa ameishika akaanza kuzungusha mkono wa muline kwa nguvu zake zote, na samaki naye anavuta anaondoka, breki inalia trrrr, yeye anazungusha tu. Tukampigia kelele, «Zungusha! Zungusha!» Sisi ndio tuliomfundisha ubaya, tukubali. Baada ya dakika chache samaki akageuka akaja upande wetu, uzi ukalegea, na pale pale ukajikunja wenyewe kama nywele za mtoto. Mafundo mafundo. Fundo moja likakwama kwenye pete ya fimbo, samaki akavuta mara moja, uzi ukakatika.

Ndani ya mtumbwi ikawa vita. «Uzi huu njo mubaya!» Mwingine akamgeukia bwana mdogo aliyekuja kwa mara ya kwanza siku ile, akasema ana mkosi. Yule kijana hakurudi tena kuvua na sisi. Ana miaka kumi na sita, mama yake alimtuma aje atafute mboga ya nyumbani. Hilo linatuuma kuliko samaki.

Sasa tuje kwenye chanzo chenyewe, maana tumekaa nacho, tumefungua muline, tumehesabu.

Muline ya namna hii si mpya. Mwingereza mmoja, Alfred Illingworth, alipata hataza yake mwaka 1905. Ukiirudisha chambo, bobini yake haizunguki. Inasimama. Kinachozunguka ni ule waya uliopinda, unaupitisha uzi na kuuzungushia bobini kama mtu anayefunga bendeji kwenye kidole. Ukirusha, uzi unatoka kwa mizunguko. Ukirudisha, unaingia kwa mizunguko ile ile kinyume chake, hesabu inalingana. Hapo hakuna shida.

Shida inaanza samaki akivuta uzi na wewe unaendelea kuzungusha. Breki imeachia, bobini inateleza, uzi hauingii hata sentimita moja. Lakini ule waya unazunguka bado, na kila ukizunguka mara moja unausokota uzi mara moja. Kwenye muline zetu pameandikwa 5.2:1. Maana yake ukizungusha mkono mara moja, waya unazunguka mara tano na kidogo. Yule mwenzetu tunakadiria alizungusha mara arobaini samaki akiwa anaondoka. Pigeni hesabu: 208. Tulisokota uzi mara mia mbili na nane kwa samaki mmoja, halafu tukasema duka limetuuzia takataka!

Samaki akivuta, mwache avute. Acha mkono wa muline kabisa, shika fimbo juu, breki ifanye kazi yake. Akichoka akasimama, inua fimbo polepole kumsogeza, kisha shusha fimbo huku unazungusha. Unainua, unashusha na kuzungusha. Uzi unaingia tu pale ambapo hauna mvutano wa samaki anayekimbia. Tulijaribu kwa kumfunga mwenzetu uzi mkononi akakimbia barabarani kama samaki. Watoto wa mtaa walicheka sana lakini tuliona kwa macho.

Kosa la pili tulilifanya siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kushuka ziwani. Tulitia uzi kwenye muline kwa kuchomeka penseli kwenye bobini ya dukani, mmoja anaishika, izunguke. Kwa muline ya aina nyingine inafaa. Kwa hii yetu, bobini ya dukani ilazwe chini sakafuni, uzi utoke juu yake kwa mizunguko, ufanane na unavyoingia. Zungusha mara kumi na tano hivi, kisha simama, legeza uzi uutazame. Ukikaa umetulia, endelea. Ukianza kujikunja, pindua bobini ya dukani, upande wa chini uwe juu. Ni hilo tu. Shika uzi kwa kitambaa kibichi ili uingie umekaza. Na usijaze mpaka ukingoni: acha milimita mbili au tatu. Sisi tulijaza mpaka ukawa unamwagika, eti tupate uzi mrefu.

Halafu kuna vile vijiko vya kung'aa tunavyotumia kama chambo. Vinazunguka majini, na ukifunga uzi moja kwa moja kwenye kijiko, uzi nao unazunguka. Pale katikati weka kile kichuma kidogo chenye vitundu viwili, kinachozunguka chenyewe. Vilikuwemo kwenye mfuko tuliopewa. Tulidhani ni mapambo, wengine wakavifanya vishika funguo. Vitafuteni.

Na ule waya, ukisharusha chambo, ufunge kwa mkono. Usiufunge kwa kuzungusha muline huku uzi umelegea. Ufunge, vuta uzi kidogo ukaze, ndipo uanze kuzungusha.

Labda mtauliza, na ule uliokwisha kujisokota tuufanyeje? Hapa tunataka kumtaja mzee mmoja wa jirani, bila jina, aliyevua miaka mingi upande wa Fizi kwa uzi wa mkono. Tulimpelekea muline kwa aibu. Hajawahi kushika muline maishani. Akautazama uzi, akauliza, «Na nyinyi huwa hamuupeleki maji?» Kumbe wao zamani uzi wa mkono ukijisokota, walikuwa wanafungua ndoano na risasi, wanauacha uzi mtupu wote majini nyuma ya mtumbwi, wanapiga kasia. Uzi ambao hauna kitu mwishoni unajifungua wenyewe ukiburutwa. Baadaye wanaurudisha kwa vidole viwili, wakiubana. Ndiyo dawa hiyo hiyo ya muline. Tumetafuta video za wataalamu tukamaliza data yetu yote ya wiki, na jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Kutoka Gasenyi mpaka ziwani ni mbali kwa miguu, na mtumbwi haupatikani kila siku. Kwa hiyo tulijaribu kwenye kiwanja cha mpira, asubuhi kabla ya wachezaji kufika. Mmoja anasimama golini na fimbo, mwingine anatembea na uzi mtupu mpaka goli la pili, anauachia kwenye majani. Anayeshika fimbo anatembea akiuburuta urefu wa kiwanja, anarudi, tena na tena. Kisha anaurudisha kwa kuubana na kitambaa. Uzi mmoja kati ya mitatu ulirudi kuwa mzima kabisa. Wa pili ulirudi nusu, tukakata kipande cha mwisho. Wa tatu ulikuwa na vidonda, umeshachanika kwenye mafundo, huo hauponi. Kwa hiyo hatusemi kila uzi unaokolewa. Tunasema wawili kati ya hiyo mitatu tulikuwa tayari kuitupa.

Na hilo la kutupa ndilo lililotufanya tuandike leo.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunakata uzi uliojisokota na kuuacha pale ufukweni? Kila mtu alikuwa anafanya. Mwezi uliopita mvuvi mmoja mwenyeji, wa ndagala, alisukuma boti yake asubuhi, injini ikazima karibu na pwani. Alipoinua propela akakuta nailoni imejizungusha kwenye mhimili, imebana mpaka ndani, imekata ile mpira inayozuia mafuta yasitoke na maji yasiingie. Mafuta yanavuja ziwani. Akapoteza siku, na pesa ya fundi. Uzi ulikuwa wa rangi ya kijani, na wenye uzi wa kijani ufukwe ule ni sisi tu.

Hakutupiga, hakutupeleka popote. Alituletea lile fundo mkononi, akasema, «Vijana, hii ni yenu.» Siku nzima tuliyasikia maneno mengine kwa watu waliokuwa pembeni, yale maneno ambayo mkimbizi anayajua hata yakisemwa kwa sauti ndogo. Sisi pale ufukweni tuko kwa hisani. Tunaweza kukosa samaki mwezi mzima na maisha yakaendelea, lakini tukipoteza nafasi ya kusimama kwenye ufukwe ule, nani ataturudishia?

Tulimsaidia kulipa sehemu ya fundi. Si yote, hatukuwa nayo. Bado tunamdaiwa na tunalipa kidogo kidogo.

Ndiyo maana ile barua tunaikataa jinsi ilivyo. Bei ya bobini moja ya uzi ni chakula cha nyumba, na kuna familia kambini ambazo mgao wao umepunguzwa. Sisi tunaojitolea kule tunaona foleni. Tukienda kuomba bobini sita kwa sababu hatukutaka kujifunza namna ya kuishika moja, tutakuwa tunasema nini mbele ya hao?

Lakini hatutaki pia kubeba lawama yote peke yetu, maana hiyo nayo si haki. Anayempa kijana chombo asichokijua, bila hata nusu siku ya kumwonyesha, amempa nusu ya msaada. Kwa cherehani hufanyika hivyo hivyo, kwa mashine ya kukata nywele pia, tumeona kambini vikikaa vimefunikwa na shuka. Kwa hiyo barua iandikwe, sawa, tutatia sahihi, ila iseme: tunaomba mtu mmoja anayeijua muline, aje siku moja, tushinde naye. Na kama hayupo, tupeni ruhusa ya kumlipa nauli mzee wetu afundishe wa Kajaga. Uzi tutanunua wenyewe ukihitajika.

Na yule bwana mdogo wa miaka kumi na sita, kuna watu wawili watakwenda kwao Ijumaa kumwomba msamaha mbele ya mama yake. Aliyemwambia ana mkosi ameshakubali kuwa mmoja wao.

Jumamosi tuko kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi, tutoke kabla ya wachezaji. Leteni muline zenu, kitambaa kibichi, na vile vichuma mlivyovifanya vishika funguo. Mwenye uzi uliojisokota asiukate kwanza, auje nao hivyo hivyo. Na kila mmoja aje na chupa tupu ya plastiki yenye kifuniko, vipande vya uzi tutavitia humo.