Bwana Shamba Anasema: Andika Jina Nyuma ya Picha

Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Nenda kachukue bahasha, bati au sanduku ambamo picha za nyumbani kwako huwekwa. Toa picha moja ya zamani. Igeuze. Je, nyuma yake pameandikwa nini?

Katika nyumba nyingi hapakuandikwa kitu. Baba anawajua watu waliomo. Bibi anawajua zaidi. Lakini mtoto wa darasa la tatu hawajui. Siku bibi akituacha, majina yale huondoka naye. Picha hubaki, lakini watu waliomo huwa wageni katika nyumba yao wenyewe.

Mkulima anaweza kuwa na magunia mawili ya mbegu. Moja ni la mahindi ya muda mfupi, jingine ni la muda mrefu. Kama magunia hayana alama, mvua ikinyesha atapanda kwa kubahatisha. Mbegu ni nzima, lakini faida yake imepungua. Picha isiyo na jina ni hivyo hivyo.

SEREMALA ALIYEKUWA MPIGA PICHA

Nitakupa mfano kutoka nchi ya Mali, Afrika ya Magharibi. Katika mji mkuu wa Bamako aliishi mtu aliyeitwa Seydou Keïta. Hakusoma shule. Tangu utotoni alifundishwa kazi ya useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka safari ya Senegal, akampa kamera ndogo. Kijana akaipenda kazi hiyo. Akajifunza kwa mafundi waliomtangulia namna ya kupiga na kusafisha picha.

Mwaka 1948 alifungua studio yake karibu na stesheni ya reli. Wakati huo nchi ilikuwa bado chini ya Wafaransa. Uhuru ulipatikana mwaka 1960. Watu wa mjini walikuja kwake, na wasafiri wa treni walikuja pia. Alipiga picha za maarusi, mama na watoto, marafiki, wafanyabiashara na makarani.

Keïta alijua kwamba mtu anayepigwa picha anataka kuonekana vizuri. Aliweka studioni saa, kalamu, redio na suti za kuazima. Ukutani alitundika kitambaa chenye maua. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alimgeuza mteja kidogo, akapanga mikono yake, akanyosha nguo yake. Filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo mara nyingi alipiga mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha.

Kila baada ya miaka michache alibadilisha kitambaa cha ukutani. Jambo hilo lilimsaidia sana baadaye. Akiona kitambaa, aliweza kukadiria picha ilipigwa miaka gani. Kitambaa kilikuwa kalenda yake.

Mwaka 1962 aliitwa kuwa mpiga picha wa serikali, na baadaye akaifunga studio. Lakini hakuzitupa negativu zake, yaani zile filamu zilizosafishwa ambazo hutumika kutoa picha. Alizihifadhi kwa maelfu.

PICHA ZILIZOPOTEZA MWENYEWE

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka 1991 palifanyika maonyesho ya sanaa za Afrika huko New York, Marekani. Picha chache za Keïta zilitundikwa ukutani. Watu walizitazama wakazipenda. Lakini chini yake hapakuandikwa jina la Keïta. Iliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani.

Wakati huo Keïta alikuwa hai, tena yuko mjini kwake Bamako. Mtu mmoja kutoka Ufaransa alifunga safari kwenda Bamako kumtafuta aliyepiga picha zile. Alifika kwa mpiga picha mwingine wa mji huo, Malick Sidibé. Sidibé alipoziona picha hakusita. Alisema ni za Keïta. Basi mgeni akampata mwenyewe, na mwaka 1994 picha za Keïta zilionyeshwa mjini Paris kwa jina lake. Alikufa mwaka 2001 akiwa mtu mashuhuri.

Keïta alibahatika. Jina lake lilirudi kwa sababu mwenzake alikuwapo wa kushuhudia. Lakini watu aliowapiga picha je? Picha yake moja inayojulikana sana ni ya kijana mwenye miwani na koti jeupe, ameshika ua mkononi. Imechapwa katika vitabu vingi. Chini yake huandikwa tu kwamba haina jina. Kijana yule alikuwa mtoto wa watu. Alivaa vizuri siku ile ili akumbukwe. Uso wake umefika dunia nzima, lakini jina halikusafiri nao.

DAFTARI LA SIDIBÉ

Huyu Malick Sidibé alikuwa mtoto wa mfugaji, mzaliwa wa kijiji cha Soloba. Naye alikuwa na studio Bamako. Zaidi ya hapo, usiku alikwenda kwenye dansi za vijana na kupiga picha. Akirudi alisafisha filamu, akachapa picha ndogo ndogo, akazibandika kwenye majalada ya karatasi. Kwenye jalada aliandika jina la kikundi na tarehe. Vijana walikuja, wakatazama, wakachagua picha za kununua.

Aliyafanya hayo kwa ajili ya biashara. Lakini majalada yale yamekuwa kumbukumbu ya vijana wa Bamako baada ya uhuru: walivyovaa, walivyocheza, siku gani na pamoja na nani. Mwaka 2007 Sidibé alipewa tuzo kubwa ya sanaa mjini Venice, Italia. Hakuna mpiga picha aliyewahi kupewa tuzo hiyo kabla yake. Alikufa mwaka 2016.

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Keïta na Sidibé wanatuonyesha kwamba picha nayo ni mali.

ANDIKA MAMBO MANNE

Nyuma ya kila picha andika mambo haya:

1. Majina ya watu, kuanzia kushoto kwenda kulia.
2. Mahali.
3. Mwaka. Kama huujui, andika kitu kinachojulikana. Kwa mfano: "Kabla Juma hajazaliwa".
4. Jina la mpiga picha.

Tumia penseli laini na usikandamize. Kalamu ya wino huweza kupenya au kuacha alama upande wa uso. Picha nyingi za rangi zina mgongo kama wa plastiki, na penseli haishiki. Hizo andikia kwenye karatasi, kisha ikunje karatasi hiyo uifunge picha ndani yake.

Picha ikiwa ya kazi ya mikono, usimsahau fundi. Kama ni chungu, andika jina la mfinyanzi. Kama ni kinyago, andika jina la mchongaji. Kama ni mkeka, andika jina la aliyeusuka. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya viko vinyago vingi vya Afrika vilivyoandikwa jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika tezo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliandika jina lake kwenye michoro yake. Tufuate mfano huo.

MAADUI WA PICHA

Picha za filamu zina utando mwembamba wa jelatini. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utando huo ni chakula. Ukungu huupenda. Wadudu huupenda. Mchwa nao hula karatasi yake. Basi hifadhi picha kama unavyohifadhi mbegu: pakavu, pasipo joto kali na mbali na ardhi.

Tia picha katika bahasha za karatasi, kisha ndani ya bati lenye mfuniko. Bati lisikae sakafuni wala chini ya paa linalovuja. Usitundike picha mahali panapopigwa na jua, kwa maana jua huifuta. Usibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Shika picha pembeni, usiguse uso wake kwa vidole.

Picha zikilowa kwa mvua au mafuriko, usizisugue. Zitenganishe mapema kabla hazijagandana. Kama zina tope, zisuuze taratibu kwa maji safi. Zilaze kivulini, uso ukitazama juu. Kama picha imegandia kwenye kioo, usiibandue kwa nguvu. Iache hapo, uipige picha nyingine kwa simu.

PICHA ZA SIMU

Siku hizi wengi tuna picha katika simu. Ni jambo jema, lakini simu huanguka majini, huibwa, na huharibika. Mamia ya picha hupotea kwa siku moja. Chagua zile za maana: ndoa, kipaimara, maulidi, mahafali, nyumba mpya, wazee. Zitume kwa ndugu wawili wanaokaa mahali tofauti. Tena kila mwaka peleka chache studio zikachapwe.

Ukiipiga kwa simu picha ya zamani, piga pande mbili: upande wa uso, na upande wa nyuma wenye majina. Zikitumwa, zitumwe pamoja.

NENO KWA WAPIGA PICHA

Wewe unayepiga picha sokoni, shuleni na arusini, unashika kumbukumbu ya kijiji. Kuwa na daftari. Andika tarehe, shughuli na jina la mwenye shughuli. Gonga muhuri wako nyuma ya picha. Keïta alikuwa na muhuri wa namna hiyo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, hasa mgonjwa, mtoto na aliyefiwa. Usizitupe negativu za zamani. Kama umechoka na kazi, zikabidhi kwa mtu anayeaminika pamoja na daftari lake. Negativu bila daftari ni nyuso tupu.

KAZI YA WIKI HII

Ndugu msomaji, labda umejifunza kusoma na kuandika miaka ya karibuni tu. Basi kazi hii ni yako. Keti na mzee wa nyumba yako jioni, mkiwa na taa, penseli na picha. Muulize: "Bibi, huyu ni nani?" Akitaja jina, liandike kama anavyolitamka. Kama ameliita "Mama Mwajuma wa mtoni", andika hivyo hivyo. Mkimaliza picha tano kwa jioni moja, inatosha. Jioni ya pili mtaendelea.

Usingoje msimba ndipo uanze kuulizana majina. Siku hiyo aliyekuwa akijua ndiye anayezikwa.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani.