Muhuri ni Amana

Mwezi wa Disemba, 2016, katika nyumba ya mnada ya Drouot mjini Paris, muhuri mmoja wa jiwe uliuzwa kwa Euro milioni 21. Wathamini walikuwa wameutarajia ufikie kiasi cha milioni moja tu. Muhuri huo, wenye majoka tisa yaliyochongwa juu yake, ulikuwa wa Mfalme Qianlong aliyeitawala China katika karne ya 18. Ulifika Ufaransa kwa mkono wa daktari kijana wa jeshi la majini.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, wala hayatuhusu sisi watu wa visiwani. Sisi tunaona kwamba yanatuhusu sana.

Muhuri ni ahadi ya mtu iliyotiwa katika jiwe au madini. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, ndipo akatengenezewa pete ya fedha yenye jina lake. Kwa Wachina pia, muhuri ndio uliothibitisha amri. Na tangu zama za Ming, wanavyuoni na wachoraji wao walishika patasi wenyewe, wakachonga majina na maneno ya hekima katika mawe laini ya Shoushan, Qingtian na Changhua. Mchoraji alipiga muhuri wake kwa rangi nyekundu pembeni mwa picha, na kila aliyeimiliki baadaye aliweza kupiga wake. Hivyo karatasi moja ya kale huweza kutusimulia ilipita mikononi mwa nani.

Hatusemi kwamba kukusanya mihuri ni dhambi. Wachina wenyewe wameikusanya kwa karne nyingi, na aliyenunua kwa haki hana lawama. Wala hatudai kwamba kila muhuri ulioko Ulaya uliibwa. Lakini mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora na kuchoma Yuanmingyuan, kasri la wafalme karibu na Beijing, na hazina zake zikatawanyika duniani. Kitu kilichochukuliwa kwa mtutu wa bunduki hakitakaswi na stakabadhi ya mnada.

Linalotuvutia zaidi ni jinsi Wachina walivyojibu. Mwaka 1904, mjini Hangzhou, wachongaji waliunda Chama cha Mihuri cha Xiling ili kuihifadhi na kuifundisha kazi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, jiwe la maandishi la zama za Han lilipokaribia kuuzwa nje ya nchi, wanachama hao walichanga fedha, wakalikomboa, wakalijengea nyumba ya mawe. Hawakungoja sheria. Sheria ya taifa ya kulinda mambo ya kale ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 2009 UNESCO ikaiingiza sanaa ya kuchonga mihuri katika orodha ya urithi wa binadamu.

Nasi tunayo milango ya nakshi, misahafu ya mkono, na vyombo vya fedha vya wazee wetu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha hiyo haimzuii mjukuu mwenye shida kuuza mlango wa babu yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo matatu. Kwanza, vitu hivi viandikishwe, shehia kwa shehia, pamoja na picha zake. Pili, maofisa wa bandarini na uwanja wa ndege wafundishwe kuvitambua. Tatu, mafundi wetu wa nakshi wapewe vijana wa kuwarithisha kazi, na vijana hao walipwe posho, kwani fundi akifa bila mwanafunzi, hakuna fedha ya mnada itakayomrudisha.

Na mwananchi akumbuke kwamba mlango wa babu yake ni amana kabla ya kuwa mali.