ALIYEOKOKA JUZI NA BENCHI YA SHALOM



Wafinalisti wetu wakizungumza juu ya masomo ya mbele, jina la Chuo Kikuu cha Shalom halikosi. Na kama anayelitaja ni mtu aliyeokoka juzi-juzi, wenzake wanamcheka: ati ameokoka ju ya kupata barua ya mchungaji! Kicheko hiki mimi sikipendi, lakini swali liko ndani yake. Mtu aliyegeuza njia yake anakwenda kutafuta nini pale?

Wengine wanajibu mbio: anakwenda kuwa mchungaji. Hawa wangali na mawazo ya 1961, wakati ilipoanza kama shule ya teolojia. Tangu 2007 ni chuo kikuu, na haifundishi teolojia peke yake. Basi kuingia pale si ushuhuda wa wokovu, wala kukosa nafasi si kurudi nyuma.

Tumwangalie Apolo Kivebulaya, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Ituri, kule Mboga. Huyu hakuzaliwa ndani ya kanisa. Alikuwa Mwislamu, akabatizwa Uganda mwaka 1895, na mwisho wa 1896 akafika Mboga kufundisha. Hata miaka miwili haijatimia! Na diploma hakuwa nayo. Chifu Tabaro alimtesa, akafungwa, akatiwa gerezani. Ndipo akarudi tena Mboga, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Ukasisi Apolo aliupata 1903, nyuma ya hayo yote. Alikufa 1933.

Mimi naona moto wa kwanza ulimfikisha Mboga, lakini si huo uliomrudisha baada ya gereza. Kilichomrudisha ni watu aliowaacha kule. Mwongofu wa leo naye ana moto, lakini siku minervali inachelewa, hesabu zinakataa kuingia kichwani, na waliomwimbia siku ya ubatizo hawamuulizi tena kama amekula, moto peke yake hautoshi. Lazima awe na mtu anayemsomea: wadogo zake, kijiji chake, wagonjwa, wakulima.

Tena iko jambo ambalo sisi wa Bunia hatuwezi kuliruka. Shalom maana yake ni amani, na mji huu mwaka 2003 uliona watu wakiuawa na kukimbia ju ya kabila lao. Mwongofu anayekaa benchi moja na mtoto wa wale ambao nyumbani wanaitwa adui, huyo ana mtihani usio na karatasi. Akimwazima madaftari yake mwenzake huyo alipokuwa mgonjwa, mimi naamini amekua. Sala za kupaza sauti peke yake hazinionyeshi hivyo (nami niko ndani ya kikundi cha sala, msinielewe vibaya).

Kwa hiyo ninawaomba wazee wetu: kijana akija kuomba barua, msimuulize ameokoka tarehe gani. Mumuulize masomo yake yatamsaidia nani. Na akisema bado hajui, mumpe barua vilevile, miaka ya kutafuta iko mbele yake.