Kuitwa Mkutanoni Si Kushauriwa

Imeenea miongoni mwa wenye makampuni dhana kwamba biashara inayotaka kuhifadhi mazingira imekwisha kutimiza wajibu wake kwa wenyeji pindi inapowaalika ukumbini, ikawaonyesha michoro, ikawasainisha karatasi ya mahudhurio na kuwapa nauli. Kisha huandikwa katika taarifa kwamba wadau wameshirikishwa, ilhali shauri lilikwisha kukatwa zamani. Dhana hii ni batili, na madhara yake si haba, kwani humpa mwenye mali utulivu wa moyo asioustahili, na humwacha mvuvi au mkulima, ambaye ndiye atakayevuta moshi na kunywa maji machafu, hana kauli ila ya kuitikia.

Atazamaye kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi ya mji wa Zanzibar, ataona kuwa iko njia iliyo bora. Mwamba wake wa matumbawe, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, husimamiwa na kampuni binafsi, na kuvua hapo ni marufuku. Lakini walinzi wake walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji jirani, nao hawachukui bunduki. Ngalawa ikiingia mipakani, mlinzi huisogelea, akaamkiana na mvuvi mwenzake, akamweleza kwamba samaki wanaokulia katika matumbawe yale ndio watokao kwenda kujaza madema ya nje. Maneno hayo, ambayo yangekuwa mepesi kinywani mwa mgeni, hupata uzito kwa kusemwa na mtu aijuaye shida ya msimu wa kusi.

Watajibu wengine kwamba mashauriano hukawiza kazi na hula fedha. Naam, hukawiza, lakini kutowasikiliza wenyeji hugharimu zaidi; na watazame Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, fedha ambazo haziwezi kumrudishia mtoto afya yake.

Basi kila kampuni inayojisifu kwa kushirikisha watu na iulizwe mambo mawili: ni lipi katika mipango yake lililobadilika kwa kauli ya wanakijiji, na ni nani miongoni mwao aliyekabidhiwa dhamana? Ikikosa jibu, taarifa yake isipokewe, wala kibali isipewe.