Springi si ya kupiga tupa, jamani

Badala ya kusoma, juzi nimejikuta naangalia video za Wamarekani wanaoshindana kulenga shabaha wakiwa na kofia za kikauboi na bastola za mtindo wa karne ya 19. Chama chao, Single Action Shooting Society, kilianzishwa 1987. Mshindi ni mwenye muda mfupi, ila kila risasi iliyokosa inakuongezea sekunde 5.

Sasa kuna jamaa humo anafungua bastola nyumbani kwake, anaipiga tupa springi bapa ya nyundo (fikiria springi ya lori, ila ndogo) ili nyundo ivutike kilaini. Mwenzangu wa chumba anamtetea eti "kapunguza kidogo tu bwana."

Kidogo? Si tumefundishwa wote darasani, ugumu wa bapa unafuata kipeo cha tatu cha unene! Punguza unene asilimia 10, nguvu inashuka kama asilimia 27. Nyundo inagonga fataki kinyonge, risasi haitoki, na isiyotoka inahesabiwa imekosa. Sekunde 5 hizo, kwa tamaa ya kuokoa nusu sekunde.

Tena risasi ikikataa, papo hapo hujui kama imekufa au inachelewa kuwaka, na watu wamesimama karibu yako. Springi laini zilizotengenezwa kiwandani zinauzwa, mafundi bunduki wapo. Tupa ya nini?

Mwenzangu bado kakaza shingo. Anasema naionea wivu ile kofia.